Damu ya Akina Waithira

Geti la Bedan Njau kule Gatongora lina kitundu cha kuchungulia. Kila Daktari Perez Obiero alipobisha, jicho lilitokea kwanza, likamkagua, likatazama nyuma yake kuona amekuja na nani, ndipo sauti ikauliza:

"Nani amekutuma leo?"

"Sijatumwa, Baba Waithira. Ni mimi, Perez wa maabara."

"Ndugu yangu Muriithi anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Hapo unanidanganya," sauti ilisema, na geti likafunguliwa.

Perez hakukasirika. Shaka ilikuwa imekaa naye meza moja tangu utotoni. Alizaliwa Kamenu, mjini Thika, ambako baba yake, mzee Obiero, alikuwa amehamia kutoka Siaya kutafuta kazi ya kiwanda cha nguo. Perez akiwa sekondari, mzee alianza kuficha vitu na kudai vimeibwa. Alizika kitambulisho chake ndani ya mkebe wa unga, kisha akamshtaki jirani kwa chifu. Jamaa wa Siaya walisema amerogwa na wenzake wa kazi. Majirani wa Kamenu walinong'ona kwamba mkewe anamtilia kitu kwenye chakula. Ikawa mama yake Perez anaonja kila sahani mbele ya watu kabla ya kumpa mumewe, kama mshtakiwa.

Wanafunzi wanapomuuliza Perez kwa nini alichagua jenetiki, huwajibu kwa kifupi: "Nilitaka kujua kama mama alisingiziwa."

Alisoma kwa bidii ya mtu anayetafuta shahidi. Alijifunza kwamba ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari huuita dimenshia, una sababu nyingi, lakini katika familia chache huanza mapema kwa sababu ya kosa dogo ndani ya jeni moja. Mzazi akiwa na kosa hilo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi, awe wa kiume au wa kike, kifungua mimba au kitinda mimba. Alijifunza pia kwamba karibu familia zote zilizoelezwa katika vitabu vyake zilikuwa za ng'ambo. Aliporudi kufanya kazi katika maabara ndogo mjini Ruiru, lengo lake lilikuwa moja: kupata familia ya hapa.

Ndipo akasikia habari za Cucu Waithira, yaani bibi Waithira, mama yake Bedan. Cucu alianza kusahau kabla hajafika miaka sitini. Kaka yake alikuwa vivyo hivyo, na baba yao kabla yao. Perez alipoichunguza damu ya cucu, aliliona kosa la jeni alilolishuku. Lakini kosa katika damu ya mtu mmoja halithibitishi jambo. Ilibidi damu ya jamaa wengi, wagonjwa na wazima, ilinganishwe na yake.

Alimwomba Bedan, kama mtoto mkubwa wa nyumba ile, awaite watu. "Niletee wale ambao ugonjwa wa cucu unaweza kuwafikia," alimwambia. Bedan aliwaleta. Muuguzi Mutie akawatoa damu mmoja mmoja sebuleni, na cucu akiwa kwenye kiti chake akiuliza harusi ni ya nani.

Majibu yalipotoka, hakuna hata mmoja aliyekuwa na kosa lile. Wafadhili wa utafiti wakaandika kwamba huenda familia ile haifai na iachwe. Perez alilala vibaya. Je, chupa za damu zilibadilishwa? Alimtazama Mutie kwa jicho la pembeni wiki nzima, hadi Mutie akamwambia, "Daktari, kama unafikiri nimekunywa hiyo damu, sema tu."

Hatimaye alirudi Gatongora.

"Baba Waithira," alisema baada ya chai, "mbona karibu wote ulioniletea wanaitwa Waithira?"

Bedan alimtazama kama mtu anayeulizwa mbona maji ni maji. "Si ulisema wale ugonjwa unaweza kuwafikia? Hao ndio mama. Binti yangu huyu namwita mami tangu azaliwe. Wa Muriithi pia ni Waithira. Wa binamu, Waithira."

"Na binti yako wa pili, Kui?"

"Kui ameitwa mama ya mke wangu. Hao ni watu wa Murang'a. Kusahau kwa mama yangu kutampataje?"

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi? Mimi ni Njau, baba ya baba yangu! Yule mzee alikufa akijua jina la kila mbuzi."

Perez aliweka kikombe chini. Alikuwa amekua na watoto wa Kikuyu, akaruka kamba nao, akajua vizuri kwamba binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na kwamba aliyepewa jina huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe aliyerudi. Hakuwahi kufikiri kwamba ugonjwa nao ungegawanywa kwa majina. Familia haikuwa imemhadaa. Ilikuwa imemletea, kwa uaminifu wote, watu wasio sahihi.

"Damu haisomi jina, Baba Waithira," alisema. "Nahitaji ya Kui. Nahitaji ya watoto wa tumbo la cucu, wewe na Muriithi."

Uso wa Bedan ukajifunga. "Haiya! Sasa umefika pale ulikuwa unaenda."

Muriithi, ndugu yake mdogo, alikubali siku ileile, tena upesi mno. Akiwa amekunja mkono wa shati, aliuliza, "Daktari, ikionekana Bedan anayo, utaandika mahali?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Mtu wa kusahau hawezi kusimamia shamba, ama?"

Shamba la cucu ndilo lililokuwa la mwisho lenye kahawa katika mtaa ule. Pande zote lilizungukwa na ghorofa, na Perez alikuwa amemwona Muriithi kwa macho yake akitembea kando ya ua pamoja na wapima ardhi. Hapo ndipo kazi yake ilipomchanganya. Alijua kwamba shaka isiyotulia inaweza kuwa dalili ya mwanzo ya ugonjwa uleule. Alijua pia kwamba Bedan alikuwa na haki ya kushuku. Lipi lilikuwa linazungumza, jeni au shamba? Hakuna mashine katika maabara yake iliyoweza kujibu.

Bila Bedan kutoa damu, Kui na binamu nao wasingetoa, familia ingeachwa, na kazi ya maisha yake ingebaki bila shahidi. Kumlazimisha hangeweza, wala hakutaka.

Bedan mwenyewe ndiye aliyempigia simu. "Nitatoa. Lakini sitaki kuambiwa. Na wewe pia sitaki ujue, kwa sababu ukijua nitaona usoni mwako."

"Chupa itaandikwa namba tu. Mimi nitaona namba."

"Na nani anajua namba ni ya nani?"

"Mutie peke yake."

"Huyo ni wa wapi?"

"Makueni."

"Basi hana haja na shamba la Gatongora. Aje."

Alitoa damu akiwa amekodoa macho kwenye sindano mpaka mwisho. Kui alitoa pia, na binamu wengine wenye majina ya kila upande. Safari hii kosa la jeni lilionekana katika chupa kadhaa, na halikuwapo katika nyingine, kama vile Perez alivyotarajia tangu mwanzo. Familia ikabaki katika utafiti. Lakini katika zile namba mbele yake, hakujua ipi ilikuwa ya Bedan, na alijizuia hata kukisia.

Jumapili moja alikutana naye Ruiru mjini, watu wakitoka kanisani. Bedan alikuwa amevaa suti na kushika Biblia kwapani. Alisimama karibu, akamkodolea macho.

"Unajua," alisema.

"Sijui, Baba Waithira. Kweli tupu."

"Muriithi pia ananiangalia hivyo hivyo." Kisha akainamisha kichwa. "Niambie, daktari. Leo ni siku gani?"

Kengele ilikuwa bado inalia. "Jumapili," Perez alijibu polepole.

"Najua ni Jumapili! Nilikuwa nakupima, nione kama utaangalia kando."

Akacheka, akamshika mkono kwa nguvu, akaondoka kuelekea stendi. Perez alibaki amesimama, akimfuata kwa macho, asijue kama alikuwa amepimwa au ameulizwa.