Niliachiwa Kondoo

Sitaki kuzungukazunguka. Nilimwonea kijicho wifi yangu Ragnfrid, na masika yale nilikuwa na sababu zangu zote.

Ragnfrid ni dada wa mume wangu. Anakaa peke yake kwenye shamba la wazazi wao, ng'ambo ya kijito tu kutoka kwetu, yeye na kondoo wake, mbwa mmoja mzee na redio isiyozimwa. Ni mfupi, mabega mapana, mashavu mekundu mwaka mzima. Maneno hana. Ukimpa habari ya msiba atakujibu "ehee", na ukimpa ya harusi ni "ehee" hiyo hiyo. Tulisoma darasa moja, na kila mwisho wa baridi watoto wa bonde letu waliposhindana kuteleza thelujini kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, mimi nilikuwa wa kwanza na yeye wa pili. Wa tatu alibadilika kila mwaka, sisi hatukubadilika. Vikombe vyangu viko sebuleni mpaka leo, na ni mimi ninayevifuta vumbi.

Sasa kuna hii mbio ya Agosti. Alfajiri watu wanaruka kutoka kwenye kivuko, wanaiogelea ghuba mpaka mwisho wake, wanapanda baiskeli na kuvuka milima, wakishuka wanakimbia, na wakiisha kukimbia wanaupanda mlima Skarvanuten kwa miguu mpaka kwenye rundo la mawe kileleni. Wanaotaka ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo hupigwa kura ya bahati. Mimi nimetia jina langu tangu binti yangu yuko shule ya msingi, na sasa ana mume. Ragnfrid alitia jina lake mara moja tu, jikoni kwangu, kwa sababu nilimwambia, "Tia na wewe, usiniache peke yangu." Jina lake likatoka. Langu halikutoka.

Nilimpongeza. Nilimkumbatia hata. Kisha nikaenda kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Kilichonipa moyo ni kanuni moja ya mbio hiyo. Mlima wa mwisho haruhusiwi mtu kuupanda peke yake. Kila mmoja aje na msindikizaji wake, ambebee chakula na nguo za joto, apande naye mpaka juu. Nikajisemea, haya, nafasi yangu ndiyo hiyo. Nani mwingine? Naujua mlima ule kama ninavyoijua ngazi ya nyumbani kwangu. Mpaka dukani nilikwisha kuwaambia.

Jumapili moja ya Machi tulikuwa tunakula chapati za maji na jamu, mimi, yeye, na mume wangu Torleiv. Ragnfrid akapangusa mdomo, akasema, "Nimemwomba Torleiv anisindikize."

"Torleiv gani?"

"Huyu."

"Huyu huyu anayehema akipandisha viazi kutoka stoo?"

"Hata mimi nilishangaa," alisema Torleiv, mdomo umejaa.

Torleiv anafanya kazi kwenye kivuko. Kazi yake ni kuyaelekeza magari yaingie na yatoke, na safari yake ndefu kwa miguu ni kutoka upande mmoja wa kivuko kwenda wa pili.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe nina haja nawe kubwa zaidi, wifi. Kondoo wanaanza kuzaa mwezi wa nne. Nikienda mazoezini, nani atakaa nao? Sina ninayemwamini kama wewe."

Alivyolisema, ungedhani amenivika taji. Bingwa wa skii wa bonde zima, nimepewa ukunga wa kondoo. Ningekataa, lakini kwetu kumkatalia mtu kondoo wanaozaa ni kama kumkatalia maji ya kunywa. Nikasema sawa.

Basi nikiisha kuwashusha watoto wa shule kwenye basi ninaloliendesha, nilikwenda zizini. Zizi la Ragnfrid lina dirisha linaloitazama ghuba. Sijui nani aliliweka pale, lakini hakunitakia mema. Mkono wangu ukiwa ndani ya kondoo, nikitafuta miguu ya mwanawe, nilikuwa naona kila kitu: mashua ndogo, Torleiv amevaa sweta mbili na anapiga makasia, na pembeni yake kofia nyekundu ikienda polepole majini. Milimani theluji ilikuwa inayeyuka na kumwagikia ghubani, kwa hiyo jua likiwaka ndiyo maji yanazidi kuwa baridi. Wageni hawajui jambo hilo, huja na taulo zao siku ya jua na kutoka wanalia. Ragnfrid alikuwa akitoka na suti yake ya mpira, midomo ya bluu, hata "ehee" haitamkiki. Torleiv alimfunika blanketi, akamshikia kikombe cha kahawa anywe kama mtoto.

Miaka yote ya ndoa yetu sijapigiwa makasia hata kuvuka kijito.

Dukani nako hawakuninyamazia. Oddny anayekaa kwenye kaunta aliniona na majani ya zizini nyweleni.

"Kondoo wazima?" akauliza.

"Wazima."

"Na wifi yako? Nasikia anaogelea kama samaki sasa. Si wewe uliyetuambia hapa kwamba unapanda mlima Agosti?"

"Nipe chachu, Oddny."

"Nakupa, mama. Ndiyo ulimwengu. Aliye juu mngoje chini."

Nilisahau chachu pale pale kaunta, na kurudi kuichukua sikurudi.

Baiskeli zilikuwa mbaya zaidi. Barabara zetu, theluji ikiondoka, hubaki na changarawe zilizomwagwa wakati wa baridi, na mpaka gari la kufagia lipite ni pancha juu ya pancha. Jioni dada na kaka walikaa uani kwangu wakiziba tyubu kwenye beseni la maji na kucheka. Wakiwa wawili wana maneno yao ya utotoni ambayo mimi sikuwahi kufundishwa. Neno moja tu, na wote wawili wako chini wameshika mbavu. Nikitokea mlangoni wananyamaza kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kicheko.

"Mwambie umechoka," nilimwambia Torleiv siku moja wakati wa kulala.

"Sijachoka."

"Na hilo goti?"

"Goti langu linakuwasha wapi wewe?"

"Litakufia mlimani."

"Likifa utafurahi."

Na ni kweli ningefurahi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kukimbia kila jioni kwenye njia ya nyuma ya kanisa, napanda mpaka theluji inapoanza na kushuka. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu miguu iwe tayari, kama mtu anavyoosha sahani za wageni ambao hawajasema wanakuja.

Katikati ya Mei barabara ya mlimani ikafunguliwa, kuta za theluji bado zimesimama kando yake zikimzidi mtu kimo. Ragnfrid akaamua kufanya jaribio la siku nzima: aogelee, aendeshe baiskeli mpaka ng'ambo ya milima, kisha aupande Skarvanuten kama ndiyo Agosti yenyewe. Torleiv amfuate kwa gari na apande naye. Mimi, bila shaka, kondoo. Alikuwa amebaki mmoja tu wa kuzaa, jike mzee asiye na haraka.

Mchana simu ikalia.

"Usicheke," alisema Torleiv.

"Sijacheka."

"Goti."

Nikauma mdomo. Mungu anajua jinsi nilivyouuma.

"Limevimba kama boga, siwezi hata kulikunja. Na yeye hataki kurudi. Nimemwambia si aibu kugeukia njiani. Anasema hajafika pa kugeukia. Anafunga viatu, Bergljot. Atapanda peke yake kwenye theluji hii."

"Mzuie. Nakuja."

"Na kondoo?"

"Utakuja kukaa naye wewe."

"Unajua mimi na damu..."

"Utafumba macho."

Ningependa kusema niliendesha kwa hofu ya wifi yangu. Hofu ilikuwepo. Furaha ilikuwa kubwa kuliko hofu, na kwenye ile njia ya juu niliimba.

Niliwakuta pale barabara inapoishia. Torleiv alikuwa amekaa kwenye buti la gari, ameegemeza bonge la theluji gotini. Ragnfrid alikuwa amesimama anatafuna mkate mkavu na jibini ya kahawia, chumvi ya jasho imemkauka usoni. Aliitazama miguu yangu, nimevaa viatu vya mlima, kisha fimbo zangu.

"Umekuja wewe," akasema.

"Ulimtaka nani?"

"Ehee."

Nikauchukua mfuko mgongoni kwa Torleiv, mkate, kahawa, koti nene, nikauvaa, na yeye nikamwachia kondoo. Nikatangulia. Theluji ilikuwa imelainika, mguu unazama mpaka gotini, na kwetu mwenye nguvu ndiye hukanyaga njia na mwenziwe akafuata nyayo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba mwili wangu ulikuwa umefungwa kamba tangu Machi na sasa imekatwa. Nilipanda kama nina miaka kumi na miwili. Upepo ulinipiga usoni nikaona raha. Nilimsikia akiita mara ya kwanza nikadhani ni upepo. Mara ya pili nilijua si upepo. Mara ya tatu nikasimama.

Alikuwa chini kabisa, amekaa kwenye theluji.

Niliporudi nilimkuta anatetemeka mpaka meno yanagongana. Mtu aliyeogelea maji ya theluji na kuvuka milima kwa baiskeli, ukimwacha bila koti kwenye upepo ule, hana muda mrefu.

"Mkate uko mgongoni kwako," alisema. "Koti liko mgongoni kwako. Na wewe ukawa kule."

Nikamvika koti. Nikamshikia kikombe anywe, maana vidole vyake havikushika.

"Umeona sasa?" akasema, kahawa ilipomrudishia sauti. "Ndiyo maana nilimchukua Torleiv."

"Torleiv hawezi."

"Hawezi, lakini anakaa nyuma yangu."

"Nilikuwa nakukanyagia njia."

"Wifi, tangu darasa la kwanza mimi nazijua nyuma za makoti yako yote. Lile la bluu. La kijani. Lile la mama yako lenye kiraka. Nimepata siku moja. Moja tu, na sikuitafuta, wewe mwenyewe ndiye uliyesema nitie jina. Hiyo siku nataka nione mlima. Sitaki kuona mgongo wako."

Kwa Ragnfrid hayo yalikuwa maneno ya mwaka mzima.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungecheka."

Ningecheka, kweli.

"Kumbe ulikuwa unanionea wivu," nikasema.

"Wivu uliumbiwa wewe peke yako?"

Nilikaa naye kwenye theluji tukaumaliza mkate. Kisha nikamuuliza, kwa sababu singeweza kutouliza, "Nikikaa nyuma yako mpaka juu, Agosti ni yangu?"

"Kaa kwanza," alisema, akainuka.

Nikakaa nyuma. Mtu asikudanganye kwamba ni kazi ndogo. Miguu yangu haijui kwenda taratibu, na yake ilikuwa imekwisha. Hatua moja, pumziko. Hatua nyingine, pumziko. Kila baada ya muda aligeuka, akasema, "Upo?"

"Nipo."

Mwanzoni iliniudhi. Nilidhani ananichunga nisimpite, kama mwalimu anavyochunga mtoto mkorofi kwenye mstari. Kisha nilizama kwenye shimo mpaka kiunoni, na kabla sijaita alikwisha kugeuka na kuninyooshea fimbo. Akanivuta, akanitazama miguu yote miwili kama ni mizima, akaendelea. Nikaelewa kwamba hanichungi. Aligeuka kwa sababu mtu akiwa nyuma yako unageuka.

Nikazifikiria zile mbio zetu za utotoni, mwaka baada ya mwaka. Mwaka mmoja skii yake ilivunjika katikati ya msitu, akamaliza kwa skii moja, akawa wa pili vilevile. Mimi nilipata habari jioni, vikombe vilipogawiwa, kutoka kwa Torleiv. Nilikuwa mbele yake tu wakati wote, kwa umbali wa kusikia sauti. Sikuwahi kugeuka hata mara moja.

Kilele kilikuwa kinaonekana sasa. Rundo la mawe lilikuwa pale pale juu, upepo umelisafisha theluji, na yeye anakwenda mwendo wa kobe, na mimi nguvu tele. Upande wa kushoto theluji ilikuwa ngumu. Ningepita bila hata kuhema. Roho iliniuma, sitasema haikuniuma.

"Upo, wifi?"

"Nipo," nikamwambia. "Nenda."