Weusi Nilioung'arisha

Siku yangu ya kwanza niliisikia kazi kabla ya kuiona. Nilitoka kwenye jua kali la Nchelenge, mji wa kando ya ziwa, macho yakaingiwa na giza, na humo ndani kitu kilikuwa kinachemka bila moto: vipovu, vikipanda na kupasuka.

“Ingia, bamayo,” alisema Injinia. “Lakini mulango usifunge. Kama jua iko inatumika, mulango inabakia wazi.”

Alikuwa Mbemba, kwao ‘bamayo’ ni mama, na Kiswahili chake alikipata kwa wachuuzi wa samaki kutoka Kongo. Mimi nilikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, mkulima wa mihogo. Aliniajiri nifagie kituo chake cha kutengeneza gesi.

Ndiye aliyenifundisha kwamba umeme wa jua ukipitishwa majini huyagawa: huku oksijeni, huku hidrojeni, gesi nyepesi inayowaka. Mlango ulibaki wazi ili gesi ikivuja isijikusanye chini ya paa. Lakini maji ni mabishi. Yanahitaji kichocheo, kitu kinachoharakisha kazi nacho kisiishe. Wengine hutumia madini ya thamani. Sisi tulitumia nikeli na chuma, mpako mwembamba juu ya mabamba sita.

Hakuniambia kwamba mpako huo ni mweusi.

Wiki ya pili alikwenda kwenye soko la samaki la Kabuta kuwaalika wanawake waje kulitazama jiko letu la gesi. Wakilikubali, kituo kitabaki. Wakilikataa, vyombo vitafungashwa nami nitarudi kwenye mihogo. Nilitaka wakute kila kitu kinameta. Mabamba alikuwa ameyaacha kwenye beseni. Nikayasugua kwa mchanga wa ziwa na majivu, kama mama alivyonifundisha kusugua sufuria, hadi nikauona uso wangu.

Injinia aliporudi akayatumbukiza majini, akawasha umeme. Vipovu vikatoka kimoja kimoja.

“Bamayo, umefanya nini?”

“Nilisugua, Injinia. Kwetu mwanamuke wa sufuria nyeusi wanamucheka.”

“Ile nyeusi ndiyo kichocheo! Ile ndiyo kazi yangu yote!”

Nilingoja anifukuze. Badala yake alileta kikopo. Chumvi ya nikeli iliyobaki ilitosha mabamba mawili.

“Wewe ulitoa, wewe utarudisha.”

Siku mbili nzima nilikaa mbele ya maji yaliyogeuzwa kijani na chumvi ile, umeme hafifu ukipita. Mimi niliyechukia masizi maisha yangu yote, nikauomba weusi uje. Ukaja: kwanza rangi ya chai, kisha tako la sufuria.

Wanawake wakafika. Tukawasha jiko. Moto wa hidrojeni mchana hauonekani.

“Moto iko wapi?” akauliza mkubwa wao. “Munatucheza?”

“Leta mukono karibu, mama, utaiona,” alisema Injinia.

Akaurudisha mkono upesi, wenzake wakaangua kicheko. Sufuria ikachemka. Bado hakuridhika.

“Haina moshi! Samaki yangu itakauka na nini?”

“Samaki, kuni. Bukari, hii,” nikamjibu, nikimwaga unga wa ugali sufuriani.

Wakatupa nafasi kando ya soko lao.

Tangu hapo nimepaka mabamba mengi, Kabuta na baadaye kisiwani Chisenga, chini ya Mkuu wa Kituo aliyekagua weusi wangu kwa miwani miwili. Ninyi mnaoanza, msione haya kukosea. Oneni haya kung'arisha msichokiulizia.

Siku yangu ya mwisho, jua likizama, nilimkabidhi funguo binti aliyerithi kazi yangu.

“Mama, nifunge?”

Nikasikiliza. Kipovu kimoja kilikuwa bado kinapanda. Kikapasuka.

“Sasa funga.”

Nikatoka, na mlango ukafungwa nyuma yangu.