Pikapu ya Baba Siku ya Mwisho ya Eda

Wiki iliyopita gari la jirani yangu lilikataa kuwaka asubuhi. Ni pikapu kuukuu ya dizeli, ya zile ambazo siku hizi huzioni ila kwa watu wakaidi. Nilikuwa uani nakuna nazi, nikamsikia anafungua boneti, kisha ikaja ile sauti ya pampu ya mkono: kwichi, kwichi, kwichi. Niliacha nazi na mbuzi yake nikasogea mpaka ukutani kumtazama. Kijana wa watu alidhani kelele zimenikera, akaniomba radhi. Nikamwambia aendelee tu. Nikabaki pale ukutani, nazi nimeisahau.

Basi kaa nikusimulie, maana sina mwingine wa kumsimulia.

Baba yangu alikuwa na pikapu ya aina hiyo hiyo, hapa hapa Malindi, miaka ya themanini, mimi nina miaka kumi. Ilikuwa ya samawati pale ambapo kutu haikuwahi kufika. Ilibeba nazi na makuti kutoka Mambrui hadi sokoni, na jioni ililala mbele ya mlango wetu. Nyumba yetu ilinuka vitu viwili, dizeli ya baba na achari ya mama. Mama alitia achari ya embe na ya ndimu kwenye chupa, na kabla ya kufunga kifuniko alitandika kipande cha nailoni mdomoni mwa chupa, akakivuta kikakaza, ndipo akakaza kifuniko juu yake. "Hewa ikipata pa kupita, imeharibika hiyo," alikuwa akiniambia. Kazi ya kukata nailoni ilikuwa yangu. Nilikuwa hodari wa kukata, na najisifu mwenyewe kwa kuwa wa kunisifu hawapo.

Kisha baba na mama wakagombana. Pipa la dizeli ambalo baba alilitia uani lilivuja likaharibu mikeka ya mama, maneno yakazidi, na baba, mtu wa maneno kumi kwa siku, siku hiyo akasema neno moja la ziada. Alitoa talaka. Ilikuwa talaka moja, ile inayorejeka. Mama akaenda kwao Takaungu kukaa eda, ile miezi mitatu hivi ambayo mke aliyeachwa hungoja, na ndani yake mume akitaka humrejea bila ndoa mpya. Eda ikishakwisha, kila mtu ana njia yake.

Miezi ile nyumba ilikuwa kimya hata nikawa nalisikia lile pipa likidondosha dizeli tone tone. Shangazi alikuja kufua Jumamosi, akaondoka. Baba alipika wali ukaungua, tukaula hivyo hivyo. Wiki nzima ya kwanza niliiweka sahani ya mama mkekani upande wake, mpaka siku moja baba akaniambia kwa upole niache. Baada ya chakula alitoka akaingia chini ya gari, nami nikabaki naitazama miguu yake.

Eda ilipokaribia mwisho, bibi, mamake mama, alituma salamu kwa dereva wa basi. Alisema siku za bintiye zinakwisha Ijumaa jua likichwa, na mwenye neno na aje mwenyewe kabla ya hapo. Baba alisikiliza, akasema "Haya," akaenda akafungua boneti.

Alikuwa na sababu. Pikapu ilikuwa ikikohoa tangu mvua zianze. Chini ya chujio la dizeli palikuwa na kikombe cha kioo, na humo maji hutuama chini, mafuta yakakaa juu. Alhamisi asubuhi baba aliniita nikaone. "Waona mstari huo? Hapo chini ni maji." Alilegeza nati akayatoa, mimi nimeshika kopo, kisha akapiga pampu ya mkono kuondoa hewa, mapovu yakitoka pembeni mwa skrubu, mpaka ikatoka dizeli tupu. Akasema huenda maji yanaingilia kwenye kifuniko cha tangi, mpira wake umelika. Akaenda akajaza tangi, akarudi akaliegesha gari, akaenda kunyoa ndevu. Hapo kwenye kunyoa ndipo nilipojua kwamba tunakwenda kumleta mama.

Furaha iliyonishika sijui nikueleze vipi. Nilitaka nami niwe na mkono wangu katika jambo lile. Nikachukua mkasi, nikakata kipande cha nailoni nene, nikafungua tangi nikakitandika mdomoni, nikakivuta kikakaza, nikafunga kifuniko juu yake kwa nguvu zangu zote. Ncha zilizotokeza nikazipunguza zisionekane. Nilivyofunga, tone la maji lisingepita. Sikumwambia mtu. Nilikusudia kuwaambia wote wawili tukiwa njiani kurudi, mama ameketi katikati yetu.

Tuliondoka Ijumaa baada ya sala. Kutoka Malindi hadi feri ya Kilifi ulikuwa mwendo wa saa moja na ushei, na Takaungu iko ng'ambo, si mbali. Baba alivaa kanzu yake nyeupe, na spana akazifunga kwenye gunia miguuni pangu. Tulipoipita Gede gari likaanza kulegea, kama mtu aliyeishiwa nguvu, likazima.

Baba alishuka. Alikuwa na utaratibu wake, na alinisomea kwa sauti, nadhani kwa kuwa hakuwa na mwingine. Moshi mweupe, mafuta yafika ila hayaungui sawasawa. Moshi mweusi, yamezidi. Hakuna moshi kabisa, basi hayafiki. Hapakuwa na moshi. Akalegeza skrubu, akapiga pampu, likawaka. Maili chache mbele, likazima tena. Safari hii aliosha chujio, tukangoja likauke, likawaka. Karibu na Roka likazima mara ya tatu. Akafungua paipu ya mafuta, akatia mdomo akapuliza kuelekea tangini mpaka macho yakamtoka. Gari likaenda vizuri kuliko mwanzo, naye akacheka. "Taka hiyo. Imetoka." Mwenzangu, kila alichofanya kilifaa kwa maili chache, na hilo ndilo lililotumaliza. Jua lilikuwa likishuka upande wa bara, nami nimekaa na spana mapajani, wala akili yangu haikuikumbuka ile nailoni hata kidogo.

Lilipozima mara ya nne basi lilisimama, na utingo akatuita tupande. Baba alikataa kwa mkono. "Mke harudishwi kwa basi," aliniambia. Alitaka mama arudi kwa heshima, na vitu vyake nyuma, mbele ya macho ya watu wote wa mtaa wetu.

Tulijikokota mpaka Tezo, na hapo palikuwa na fundi mmoja Mgiriama, mtu mzima, karakana yake mabati manne. Boneti hakuligusa. Alimwuliza baba swali moja, "Ikizima, mkikaa kidogo yawaka yenyewe?" Baba akasema ndiyo, yawaka. Fundi akazunguka nyuma, akatega sikio kwenye tangi, akakizungusha kifuniko polepole. Hewa ikaingia kwa mlio mrefu.

"Gari yenu haina ugonjwa," alisema. "Yanyimwa pumzi. Mafuta yakitoka, sharti hewa iingie mahali pake. Mukiziba hivi, pampu itavuta mpaka ishindwe. Nani kaitia hii?" Akaivuta nailoni, imenywea ndani kama mfuko.

Baba aliitazama. Kisha akanitazama mimi. Katika nyumba ile walikuwapo watu wawili tu waliojua kufunga namna ile, na mmoja alikuwa Takaungu. Akaikunja akaitia mfuko wa kanzu. "Panda, mwanangu," alisema. Laiti angenipiga.

Adhana ya magharibi ilitukuta kwenye mteremko wa feri, mbele yetu malori matatu. Baba alizima injini, akashuka akasali kando ya barabara pamoja na madereva wengine. Alikaa pale mkekani mwa watu muda mrefu kuliko wote.

Bibi alitupokea kwa taa ya chemli. "Shikamoo, mama," baba alisema. "Marahaba, baba. Karibuni." Akamtilia kahawa barazani, akamwacha anywe kwanza. Kisha akamwambia, bila ukali, "Jua limekuchwa, baba. Sasa ni posa mpya, na wengine wenye kubisha hodi wapo." Baba akainamisha kichwa. Mimi nikaambiwa niingie ndani.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amejitanda leso mpya, ananukia udi. Mbele yake palikuwa na sanduku lake, limekwisha kufungwa kamba. Alikuwa tayari tangu asubuhi. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, kisha akaninong'oneza, "Babako asema nini huko nje?"

Nikamjibu ukweli. "Hajasema kitu."

Aliniachilia. Akapiga magoti, akaanza kuifungua ile kamba, fundo moja moja.

Tulirudi asubuhi, baba na mimi. Gari lilikwenda bila kukohoa hata mara moja, feri, Tezo, Roka, Gede, mpaka mlangoni petu. Njia nzima neno la sanduku lilikuwa mdomoni mwangu. Lakini niliwaza, akijua mama alikuwa amefunga vitu vyake, ndipo atakapojua nailoni yangu imemgharimu nini, ndipo atakaponichukia. Nikanyamaza. Mwaka uliofuata mama aliolewa Lamu, nikawa namwona siku za Idi, na hata hivyo si kila Idi. Baba hakuoa tena. Tuliishi wawili katika nyumba ile, kila mtu na kimya chake, mpaka nami nikaolewa na baadaye nikarudi.

Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia maalimu mmoja akieleza darasani kwamba kumrejea mke ndani ya eda ni kutamka tu. Mume anaweza kutamka popote alipo, na mashahidi wawili wakiwapo ni bora. Nilitoka darasani nikiwa sijui nicheke au nilie. Baba alisoma chuo cha Kurani miaka tisa. Alikuwa mgonjwa wakati huo, nami ndiye niliyekuwa nikimlisha uji. Siku moja kijiko kikiwa mkononi nikamwuliza, "Baba, siku ile ungeweza kutamka pale pale Tezo, watu wawili wa pale wakawa mashahidi. Hukujua?"

"Nilijua."

"Basi?"

Alikisukuma kijiko kando. "Kutamka ni haki yangu, sikatai. Lakini niliogopa asije akarudi kwa kuwa hana budi. Nilitaka kumwuliza kwanza. Na jua likachwa, na mamake akanambia wapo wabisha hodi, nikajua hanitaki."

"Alikuwa akikutaka, baba. Sanduku lilikuwa limefungwa tangu asubuhi."

Baba aligeuza uso ukutani. Uji ulipoa. Kisha akasema, "Na miaka yote hii hukunambia."

"Hukuniuliza," nikamjibu. Lilikuwa jibu la mtoto wa miaka kumi, limetoka kinywani mwa mwanamke mzima, na ningelirudisha kama ingewezekana. Alifariki kabla ya mvua za mwaka huo, na hatukulizungumza tena.

Sasa Kilifi kuna daraja, feri imekuwa hadithi ya wazee. Mama naye amekwisha kuzikwa huko Lamu. Mwaka juzi nilipanda gari nikaenda Takaungu, peke yangu, bila sababu ninayoweza kuitaja. Gari halikusimama njiani hata mara moja. Nilifika jua lingali juu kabisa, nikasimama mbele ya nyumba ya bibi, ambayo sasa ina wapangaji. Mwanamke mmoja kijana akatoka akaniuliza namfuata nani.

Nikamwambia hakuna.