Mkono wa Nyati

Huu ulikuwa msimu wa kumi Lavelle Tibbs akiwa nyati, na katika muda wote huo hakuwahi kutamka neno hata moja mbele ya mashabiki. Timu ya mpira wa kikapu ya Omaha ilikuwa na masharti mawili kwa anayevaa vazi la Buster, nyati wao. Buster haongei, na Buster haonyeshi ngozi. Kichwa hakivuliwi wala glavu hazivuliwi, hata vazi likishika moto. Ukikiuka, unarudisha vazi na kwenda zako. Hilo la moto alilisema Hatcher, msimamizi wake, na Lavelle hakujua kama ni mzaha, maana Hatcher hakuwa mtu wa mizaha.

Lavelle alizaliwa kaskazini mwa mji, kwenye mitaa ya Weusi, akajifunza sarakasi juu ya magodoro mabovu nyuma ya kanisa la mama yake. Mchana alifundisha mazoezi ya viungo katika shule ya msingi. Majirani walijua tu kwamba jioni ana kibarua uwanjani, na wengi walidhani anafagia. Mkewe Rochanda ndiye aliyejua ukweli, na ndiye aliyemkanda mabega mechi zikiisha.

Buster alipendwa kwa kitendo kimoja hasa. Refa akipuliza filimbi dhidi ya timu ya nyumbani, nyati alitanua mikono, akapandisha mabega na kuwageukia watu, kama anayeuliza, "Jamani, mimi nimefanya nini?" Hapo uwanja mzima ulivunjika mbavu. Watoto wa Omaha walikiiga kitendo hicho shuleni wakikaripiwa, na Lavelle, mwalimu wao, alilazimika kununa ili asicheke.

Ndani ya kile kichwa mtu husikia mengi. Wazungu waliojaa viti vya chini hawakuchunga midomo mbele ya Buster, kama mtu asivyochunga mdomo mbele ya kochi la nyumbani kwake. Kijana Mweusi akifunga, walimwita mwana wetu. Akikosa, walimtukana yeye na ukoo wake, kisha wakamkumbatia Buster na kupiga naye picha. Lavelle aliyazoea. Walau ndivyo alivyojiambia.

Bi Marlys Kucera hakuwa mtu wa kutukana. Alikuwa mjane, Mzungu wa kusini mwa mji, na kiti chake kilikuwa pembeni mwa njia, karibu na ngazi ambayo Buster alipandia. Kila mechi alimletea nyati kolache, keki ndogo zenye plamu katikati, alizooka mwenyewe, na Lavelle alizila ndani ya gari akirudi nyumbani, sukari ikimjaa mapajani. Tangu mumewe afariki, Bi Marlys alikuwa akimvuta Buster shingoni na kumnong'oneza sikioni habari za goti lake, za baridi kitandani, za binti yake wa Arizona asiyepiga simu. Kichwa kile kikubwa kilitikisika kwa huruma, na huruma ile haikuwa ya maigizo. Lavelle alimpenda yule mama.

Kisha likaja jambo la Tavarius Boone, kijana Mweusi na nyota wa timu. Boone aliwaambia waandishi kwamba shabiki mmoja wa nyumbani alimwita jina ambalo yeye hatalirudia, na kwamba waliokaa karibu na shabiki huyo walicheka. Mji ukagawanyika. Mechi iliyofuata wengine walimzomea Boone akirusha mipira ya adhabu, mchezaji wao wenyewe. Bi Marlys akamvuta nyati shingoni.

"Unawapa mamilioni na bado wanalia," alinong'ona. "Ndivyo walivyo hao, hawatosheki. Ashukuru tunamvumilia. Afadhali wewe, mwanangu. Wewe ni wa kwetu."

Boone akafunga kutoka mbali. Bi Marlys akaruka na goti lake bovu, akamkumbatia nyati kwa nguvu huku akipiga kelele, "Boone! Boone wetu huyo!"

Nyumbani, Rochanda alisikiliza mpaka mwisho huku akimkanda.

"Si nilikwambia? Bibi yako anampenda ng'ombe. Hakupendi wewe."

"Nyati," alisema Lavelle.

"Haya, nyati. Sasa unataka nini kwake?"

"Anijue. Ajue ni nani anamnong'oneza. Baada ya hapo aseme vilevile, au asiseme."

"Na kazi je? Hatcher atakuimbia mapambio?"

Lavelle aliinuka, akavaa shati. Aliipenda kazi ile kuliko alivyopenda kukiri. Kwa mechi kadhaa alizunguka upande wa pili wa uwanja na kumpungia Bi Marlys kwa mbali. Yule mama aliinua juu mfuko wa kolache ili auone, akaushusha, akauinua tena. Lavelle alichukia kuona hivyo. Mwishowe miguu ikampeleka kwenye ngazi ile ile, akavutwa shingoni kama zamani.

"Nilidhani umenikasirikia," alisema Bi Marlys, na akaendelea na habari za goti.

Mechi ya mwisho ya msimu Bi Marlys alikuja amevaa koti lake la kanisani. Binti yake alikuwa ameiuza nyumba ya mama na kumtafutia chumba Arizona, na safari ilikuwa Jumapili. Watu wa mstari wake walikwisha kumuaga. Timu zilipokwenda kupumzika akamshika Buster mkono.

"Miaka yote nimeshika manyoya tu," alisema. "Nipe mkono wako mara moja, nijue nilikuwa na nani. Sitamwambia mtu. Tafadhali, mwanangu."

Lavelle alimtafuta Hatcher kwa macho. Alikuwa kwenye meza ya waamuzi, amewapa mgongo. Lavelle akapiga goti kama Buster afanyavyo kwa watoto, na pale chini, kati ya tumbo lake na kiti, akaivua glavu.

Bi Marlys aliushika mkono kwa mikono yake miwili kabla hajautazama. Aliupapasa, akatabasamu, ndipo akainamisha macho. Kidole chake kikasimama juu ya ngozi nyeusi. Wekundu ukampanda kutoka shingoni hadi kwenye paji la uso. Lakini hakuuachia.

"Siku ile ya Boone," alisema taratibu. "Ulinisikia?"

Kichwa kikubwa kikainama.

"Yote?"

Kikainama tena.

"Mbona hukuniambia," alisema Bi Marlys, na lile neno "mwanangu" alilozoea kumwita Buster, safari hii halikutoka.

Lavelle aliutoa mkono wake polepole, akavaa glavu na kusimama. Alikuwa na maneno. Alikuwa nayo ya miaka kumi. Akatanua mikono, akapandisha mabega.

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mtu nyuma akapaza sauti, "Buster, refa hata hajaingia!" Bi Marlys hakucheka. Mikono yake ilikuwa bado wazi mapajani, juu ya mfuko wa kolache.