Pakiti ya Unga Chini ya Kaunta

Ilikuwa mwaka ule unga ulipotea, tukala viazi asubuhi na jioni hapa Kiptere. Akinyi, msichana wa kutoka upande wa ziwa, alifanya kazi kwa duka la sokoni. Alikuwa akinibebea mzigo hadi barabarani na kuniita gogo, yaani nyanya, kama wajukuu wangu. Siku unga ulifika, nilinunua pakiti mbili nikampa moja.

“Hapana gogo, usinipe kitu hapa.”

Nikadhani ni aibu tu. Nimelea wajukuu tisa, nani wa kunikataza kupeana? Alipogeuka, nikaisukuma ndani ya mfuko wake chini ya kaunta, nikaenda nyumbani nikijisifu, mjinga mimi.

Wiki iliyofuata nikamuuliza mwenye duka mbele ya watu, “Akinyi wangu yuko wapi? Ule unga niliomwekea kwa mfuko alipika?”

Mwenye duka akaacha kupima sukari.

“Kumbe ni wewe, mama. Tulipekua mfuko wake jioni, vile tunapekua wafanyakazi wote. Aliapa hajui uliingiaje, tukamfukuza kama mwizi. Nimeshaandika mwingine kazi.”

Nikamfuata Akinyi kwa chumba chake na pakiti nyingine mkononi, kichwa hiki kigumu. Alikuwa akifunga godoro kwa kamba, arudi kwao. Nikamweleza yote. Akaangalia ile pakiti.

“Hapana gogo, usinipe kitu hapa.”