Mke Wangu na Menyu Iliyopotea

Mke wangu ni fundi cherehani, lakini ukidhani anachojua ni sindano tu, utaumbuka. Mimi nimeumbuka.

Laptop yake ina mifumo miwili ya kuendeshea kompyuta. Ukiiwasha, inatoka menyu: chagua huu wa sinema na barua, au ule anaochorea mitindo ya nguo. Jana jioni niko kwenye sinema zangu, mfumo ukaniuliza kama nataka kuusasisha. Nikabonyeza ndiyo. Mimi na ndiyo hatuachani! Asubuhi saa moja mama watoto anaiwasha: menyu hakuna, imekwenda moja kwa moja kwenye sinema.

Michoro yote ya sare za wauguzi ilikuwa upande wa pili, na matroni wa zahanati angekuja saa nne kuiona. Ndiyo kazi kubwa ya kwanza maishani mwake.

"Baba watoto, umegusa nini?"

"Labda umeme."

"Umeme hauna kidole," akasema. Aibu iliyonipata!

Nikampigia fundi kompyuta wa mtaani. Akajibu huku anatafuna, "Futa vyote, muanze upya." Nilitaka kumporomoshea matusi. Mke wangu akaninyang'anya simu, akakata, akafungua daftari lake la vipimo. Katikati ya viuno na mabega ya wateja alikuwa ameandika hatua zote za siku mifumo ilipowekwa. Akachomeka flashi iliyotumika siku hiyo, akaiwasha laptop kupitia hiyo, akaandika amri ya kurudisha menyu herufi moja moja. Ikasema tayari. Tukashangilia. Akachomoa flashi, akawasha: sinema!

Mke wangu akasonya, akachomeka flashi tena, akarudi kwenye orodha ya diski.

"Lo! Nimekata bila kupima. Hii ya gigabaiti kumi na sita ni flashi yenyewe, menyu nimeiweka humo. Diski ya laptop ni hii, mia tano."

Akaandika upya, taratibu. Akachomoa. Akawasha. Menyu hiyoo, mistari miwili myeupe! Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Saa nne matroni alikagua kola kwa kola, mfuko kwa mfuko.

"Shona zote arobaini," akasema mwishowe. "Na mambo ya kompyuta nani anakufanyia?"

Nikafungua mdomo nimjibie, kama kawaida yangu. Nikaufunga.

"Mimi mwenyewe," akasema mke wangu, utepe wa kupimia tayari mkononi. "Geuka kidogo, mama, nianze na wewe."