Jumapili Yangu ya Kupumzika

Mdogo wangu wa kiume alianguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga Voi, na tangu siku hiyo miguu yake haina kazi. Tukamrudisha nyumbani Bura. Mwanamke tuliyemwajiri kumtunza alichoka, akafunga virago asubuhi moja kabla uji haujaiva, kazi ikaniangukia mimi. Ndipo kaka yetu mkubwa akaja kutoka Mombasa, akatuketisha mimi na mdogo wetu.

"Mtu wa nje tulimlipa," aliniambia. "Wewe mbona ufanye bure? Funga hiyo biashara yako nikulipe. Na Jumapili uwe off, kama wafanyikazi wengine."

Alisema kwa wema, tena mbele ya mgonjwa mwenyewe. Nilikubali. Kibanda changu cha mitumba kilikuwa kinakufa, sitajifanya malaika.

Kabla ya hapo mdogo wangu hakuwa na adabu, na nilimpenda hivyo hivyo. Nikimgeuza kitandani, ananiambia mikono yangu ni ya kupalilia mahindi. Nikimpa chai, anauliza sukari nimemuuzia nani. "Asante ya punda ni mateke," namjibu, naye anacheka mpaka anapaliwa. Mshahara ulipoanza, akaanza kusema tafadhali. Hata chai iwe maji matupu, "Asante, dada." Niliona, nikaacha iwe hivyo. Nilikuwa nimechoka, na adabu yake ilinipumzisha.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikapitia kwa jirani, tukapiga soga huku tukichambua mboga. Niliporudi nilimkuta pale pale nilipomwacha, kwenye kiti kando ya dirisha. Harufu ilinipokea mlangoni. Suruali ilikuwa imelowa mpaka ikaanza kukauka. Simu alikuwa nayo mkononi.

"Mbona hukunipigia?"

"Ningekupigia aje na uko off?"

Nilichota maji, nikamvua, nikamwosha. Ngozi ya mapaja ilikuwa imechubuka. Sikuona hasira wala huruma. Nilimwosha kama mtu anayeosha sufuria.

"Usimwambie kaka," alisema, macho ukutani. "Mtu akisumbuliwa sana huacha kazi. Na mimi sitaki uache."

Nilitaka kumwambia mimi ni dada yake, na dada haachi. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, nami nilikuwa nausubiri.

"Haya," nikamwambia. "Sitamwambia."